Kivuko cha Bure

"Jambo, mama! Jambo!"
Kusini kabisa mwa Manhattan, upepo wa Aprili
unanipekua kama mwizi asiye na haraka,
na mtu ananiita kwa neno la nyumbani.
Nikageuka. Hapo ndipo nilipolipa;
pesa zilifuata baadaye.

Leso, nadhani, ndiyo iliyonichongea.
Nimeitanda juu ya koti la kuazima la Sidi,
jina lake mgongoni: NAJUA NIENDAKO.
Kijana kavaa kizibao cha rangi ya chungwa,
kitambulisho kinaning'inia, kimegeuka nyuma mbele,
na tabasamu la mtu aliyekungoja tangu jana.
"Sanamu ya Uhuru? Foleni saa tatu, mama.
Kwangu, dola arobaini, unapita kama waziri."

Mimi, Dama, karani wa fedha wa ushirika, Kilifi,
miaka ishirini na sita,
vidole hivi vilivyoijua noti bandia gizani, umeme umekatika,
niliyemrudishia mwenyekiti hundi yake
kwa sababu ya nukta moja,
nilihesabu dola arobaini
nikampa kwa mikono miwili, kwa adabu.

Tiketi ilikuwa nzuri. Ina muhuri, ina mistari myeusi,
ina yule mama wa shaba na mwenge wake.
"Pale," akanionyesha jengo kubwa.
Milango ikafunguka, watu wakamiminika:
mafundi na ndoo zao, wauguzi wa zamu, mtoto na baiskeli.
Nikainyoosha tiketi kwa askari mwenye mbwa.
Hakuipokea. Mbwa aliinusa.
"Feri hii ni bure, bibi. Na kwenye sanamu haisimami."
"Bure tangu lini?" nikauliza,
kana kwamba tarehe ingenirudishia kitu.

Sanamu ikapita upande wa kulia,
ndogo kama chupa ya marashi.
Nami nikamkumbuka Kahindi.

Kahindi kaka yangu, Mungu amrehemu,
aliyeamka na "Jambo" kinywani kabla ya mswaki,
maana nani kwetu husalimiana hivyo?
Neno lile ni la ufukweni Watamu,
la kumtupia mgeni aliyeshuka jana.
Alipaka mwarobaini rangi ya viatu
akawauzia Wataliano kuwa ni mpingo.
"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alikuwa akisema,
tukicheka hadi ugali unashika chini.
Na kupona nilipona: sare yangu ya kidato cha pili
ilishonwa na twiga wale.
Sikuwahi kujiuliza yule mama wa Kitaliano
alijisikiaje siku alipomfuta twiga vumbi
kitambaa kikatoka cheusi.

Nilirudi kwa feri ileile, bure vilevile.
Yupo. Kawapata wazee wawili wenye kofia za kufanana,
kawatupia neno la lugha nisiyoijua,
neno moja tu,
na nyuso zao zimekwisha kuchanua.

Sikupiga kelele. Nilisimama kando yao,
nikaichana tiketi yangu, mara moja, mara mbili,
nikaonyesha jengo kwa kidole,
halafu kiganja kitupu.
Mzee akatazama kiganja, akamtazama mkewe,
akarudisha pochi ndani ya koti, kifungo kwa kifungo.

Nilingoja matusi. Hayakuja.
Kijana alipuliza vidole vyake; hakuwa na glavu.
"Kwetu hatusemi 'Jambo'," nikamwambia
kwa Kiingereza changu cha ofisini.
Akainua macho, kwa mara ya kwanza bila tabasamu:
"Mnasemaje?"

Nilikaribia kumwambia.
Neno lilikwisha fika nyuma ya meno,
la moto, la mama yangu.
Nikalimeza.
Nikakaza leso, nikaenda kutafuta treni,
nikiuliza njia kwa wenye haraka tu.